Kuchagua Programu ya Ubao wa Matangazo kwa Kompyuta ya Nyumbani

Tangazo linapobandikwa katika ofisi ya wadi, huonwa na mtu aliyefika ofisini. Mvuvi wa Mfangano au Remba, ambaye lazima apande boti ndipo afike Mbita, hulisikia baada ya siku kadhaa, na huenda siku ya mwisho ya kurudisha fomu za basari ikawa imepita. Makundi ya gumzo kwenye simu nayo hufikisha habari upesi, ila huizika upesi vilevile. Zikiingia rambirambi tatu, picha za harusi na video ya mpira, tarehe ya kikao cha bajeti imeshapanda juu kabisa na hakuna anayerudi kuitafuta.

Somo hili ni la vikundi vya Homa Bay na Migori vyenye kompyuta moja, pengine ile ya katibu nyumbani kwake, na vingependa kuigeuza kuwa ubao wa matangazo: kamati za BMU ufuoni, vyama vya ushirika, maktaba za shule, vikundi vya vijana na vya kina mama. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 91, inataja mbao za matangazo na majukwaa ya teknolojia ya habari miongoni mwa njia za kuwashirikisha wananchi. Ubao wa kikundi hauchukui nafasi ya ule rasmi. Unaweza tu kulibeba tangazo rasmi hadi pale ambapo karatasi haifiki.

Programu ya ubao wa matangazo ni programu inayohifadhi ujumbe kwa mada. Mtu hufungua mada ya basari, au ya chanjo ya mifugo, akakuta yote yaliyoandikwa humo kwa utaratibu, hata kama yaliandikwa mwezi uliopita. Akiruhusiwa, hujibu au huuliza swali, na jibu hukaa chini ya swali lile lile ili mwingine mwenye shida hiyo asilazimike kuuliza tena.

Programu hizi zilitoka wapi

Wazo hili ni la zamani kuliko intaneti tunayoijua. Februari 1978 mjini Chicago, Ward Christensen na Randy Suess walifungua ubao wa kwanza wa aina hii katika kompyuta ndogo iliyounganishwa na laini ya simu. Waliiga ubao wa kawaida ambako wanachama wa chama chao cha kompyuta walikuwa wakibandika karatasi. Mtu alipiga simu kwa modemu, akasoma, akaandika, akakata. Wa pili aliyepiga wakati huohuo alikuta laini imeshikwa.

Mwaka 1984 Tom Jennings, pia wa Marekani, aliandika programu iitwayo Fido, na kutokana nayo ukazaliwa mtandao wa FidoNet. Kompyuta za nyumbani zilipigiana simu zenyewe usiku, bei ya simu ilipokuwa chini, zikabadilishana mafurushi ya barua na kukata. Barua ilihama hatua kwa hatua, kama mzigo unaoshushwa kwenye matatu moja na kupakiwa kwenye nyingine hadi ufike.

Njia hiyo ilitufaa sisi wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira la ELCI lenye makao Nairobi liliendesha kituo cha FidoNet, na barua za mashirika zikapita humo hadi GreenNet mjini London, kisha kwingineko duniani. Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo chake, Mukla. Wahudumu wa afya wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walitumia HealthNet, iliyosimamiwa na shirika la SatelLife la Boston kwa utaratibu huohuo wa kuhifadhi kwanza na kutuma baadaye. Intaneti kamili ilipoanza kuingia Kenya mwaka 1995, kituo cha ARCC cha Nairobi kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuileta. Aliyekiongoza ni Dkt. Shem Ochuodho, ambaye wakazi wa Rangwe wanamkumbuka zaidi kama mbunge wao baada ya uchaguzi wa 1997.

Historia hii ina faida kwa anayechagua programu leo. Waliofaulu wakati ule hawakuchagua programu yenye mapambo mengi. Walichagua iliyotarajia laini kukatika. Laini ilipokatika katikati ya furushi, mbinu ya Zmodem iliendelea pale ilipoachia, haikuanza upya. Stima ilipopotea, barua zilisubiri kwenye diski. Ukiwa Sindo au Kehancha, hali ya mtandao wako leo ni bora kuliko ya Nairobi ya 1990, lakini swali la kwanza ni lilelile: kitu kikikatika, programu hii itafanya nini?

Nani atasoma, na atafika vipi?

Kabla ya kutaja jina la programu yoyote, kaeni kama kamati mjibu swali hili. Vikundi vingi huanza upande usiofaa: fundi huleta programu anayoijua, kisha watu hutafutiwa sababu ya kuitumia.

Kwanza, je, mnahitaji majibu? Ikiwa katibu ndiye pekee atakayeandika na wengine watasoma tu, hamhitaji programu ya ubao hata kidogo. Ukurasa mmoja wa kawaida, unaoandikwa upya kila Jumatatu na kuwekwa kwenye kompyuta, utatosha. Hauna nywila za kusahauliwa wala hifadhidata ya kuharibika. Nasema hivi nikijua kwamba fundi hatafurahi.

Pili, wasomaji watafika kwenye kompyuta kwa njia gani? Hapa ndipo mipango mingi hukwama, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Njia rahisi ni ya karibu. Kompyuta inaunganishwa na ruta ya waifai, bila intaneti yoyote. Mtu akifika ufuoni, sokoni au maktabani, anajiunga na waifai hiyo kwa simu yake, anafungua kivinjari na kuandika anwani ya kompyuta, ambayo ni tarakimu kama 192.168.1.10. Ubao unafunguka, na hatumii bando hata kidogo. Waifai ya ruta ya kawaida hufika mita makumi kadhaa tu, na kuta za mawe huipunguza. Kwa hiyo ubao wa namna hii ni wa mahali ambapo watu hukusanyika hata hivyo: kwenye mizani ya samaki, kituo cha kununulia maziwa, lango la shule. Katika nyumba iliyo kando ya kijiji hautasomwa na mtu.

Njia ya pili ni ya mbali, yaani mtu aliye Nairobi au Rongo afungue ubao ulio nyumbani kwako Ndhiwa. Wengi hudhani kwamba kompyuta ikiwa na intaneti ya simu, jambo hilo limekwisha. Sivyo. Kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya pamoja. Kompyuta yako inaweza kutoka kwenda nje, lakini aliye nje hana njia ya kuigongea mlango, sawa na jengo lenye wapangaji mia na sanduku moja la posta lisilo na majina. Hakuna programu ya ubao inayoondoa tatizo hilo yenyewe. Itabidi uombe kampuni anwani ya umma isiyobadilika, kama inaiuza, au ukodishe nafasi kwenye seva ya mbali. Ukishakodisha nafasi, kompyuta ya nyumbani haihitajiki tena kuwaka usiku na mchana, nawe unalipa kila mwezi au kila mwaka. Fanyeni hesabu hiyo kabla ya kuanza, kwa sababu ubao unaozimwa kwa kukosa ada huondoka na kumbukumbu zote za kikundi.

Ushauri wetu kwa kikundi kinachoanza: anzeni na njia ya karibu. Ikizoeleka, hamisheni ubao kwenye seva ya kukodi. Kwa sababu hiyo, chagueni programu inayokubali kuhama.

Programu zenyewe

Kwa vikundi vingi, phpBB inatosha. Ilianza mwaka 2000, ni ya bure, na mafundi wengi wa mjini waliojifunza kutengeneza tovuti wanaijua lugha yake, PHP, jambo ambalo ni muhimu kuliko sifa zake nyingine zote. Programu nzuri ambayo fundi wa karibu anayeijua yuko Nairobi ni programu mbaya kwako. Kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya GB 2 huiendesha bila shida kwa kikundi cha watu mia mbili.

Ina mambo matatu yanayotufaa. Kwanza, mgeni anaweza kusoma bila kujisajili. Pili, ujumbe wa aliyejisajili karibuni unaweza kusubiri kwanza hadi msimamizi auidhinishe. Tatu, tangazo linaweza kubandikwa juu kwa siku maalumu, tuseme siku 14 za basari, kisha likashuka lenyewe. Hilo la tatu linaonekana dogo, lakini kwa watu wa ziwani ni kubwa. Utabiri wa upepo na mawimbi wa jana ukibaki juu ya ubao leo, ni hatari kuliko kukosa utabiri kabisa, maana mtu atausoma na kusukuma mtumbwi.

Kasoro yake ni kwamba fomu ya usajili huomba barua pepe, na wanachama wengi hawana, au wana moja waliyofunguliwa na kijana wa saiba na nywila wakaisahau. Msimamizi anaweza kuzima sharti la kuithibitisha barua pepe hiyo. Fanyeni hivyo mkiwa kwenye waifai ya karibu. Mkihamia intaneti ya wazi, lirudisheni au mwidhinishe wanachama mmoja mmoja, vinginevyo ubao utajaa matangazo ya kamari kutoka pembe zote za dunia.

Discourse, iliyoanza kutumika 2013, ni nzuri machoni na hupendwa na vijana. Lakini inataka kumbukumbu ya GB 1 kwa uchache, jina la tovuti lililosajiliwa, na barua pepe inayofanya kazi wakati wote, kwani bila barua pepe hata usajili hukwama. Imetengenezwa kwa seva ya kukodi. Kwa kompyuta iliyo sebuleni, iacheni.

Synchronet ni mjukuu halisi wa zile mbao za modemu. Ilianza mwaka 1991, bado inaendelezwa, ni ya bure, na huendeshwa kwenye Windows na Linux. Ina barua, kurasa za kivinjari na hata uwezo wa kujiunga na FidoNet, ambao ungali hai. Mwalimu wa kompyuta anayetaka wanafunzi wa Awendo au Oyugis waone jinsi ujumbe unavyohama kutoka kompyuta moja hadi nyingine hatapata chombo bora cha kufundishia. Kwa mama muuza omena anayetaka kujua siku ya kikao, skrini yake nyeusi yenye herufi tupu itakuwa kizuizi.

Na tahadhari moja kuhusu kifurushi cha XAMPP, ambacho mafundi hukipenda kwa sababu husakinisha kila kinachohitajika kwa mara moja kwenye Windows. Kilitengenezwa kwa ajili ya wanaojaribu programu mezani kwao, na mlango wake wa hifadhidata huja bila nywila. Akikitumia, mwambie fundi aweke nywila kabla hajalipwa.

Stima ikipotea

Kompyuta kuukuu ya mezani pamoja na skrini yake inaweza kula wati 100. Ikiwaka saa 24 ni uniti 2.4 kwa siku, au uniti 72 kwa mwezi wa siku 30. Laptopu inayokula wati 20 itatumia uniti 14.4 kwa mwezi huohuo. Zidisha kwa bei ya tokeni unayonunua, utaona kwamba kompyuta ya bure inaweza kuwa ghali. Laptopu ina faida nyingine: betri yake, hata ikiwa imechoka na inashika dakika ishirini tu, huipa nafasi ya kuzimwa vizuri stima inapopotea.

Kuzimika ghafla ndiko huvunja ubao. Kama programu ilikuwa katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kubaki nusu mpya, nusu kuukuu. phpBB hukubali hifadhidata za aina mbalimbali. SQLite huweka kila kitu katika faili moja na imetengenezwa ili stima ikikatika irudi kwenye hali ya mwisho iliyo sawa. MySQL na MariaDB nazo hustahimili, mradi majedwali yawe ya aina ya InnoDB. Yale ya aina ya zamani ya MyISAM huharibika kwa urahisi. Huhitaji kuelewa yote haya. Muulize fundi: "Umetumia InnoDB au MyISAM?" Akijibu MyISAM, mwombe abadilishe.

Nakala za akiba zinahitaji flashi mbili. Moja inanakiliwa kila jioni programu ikiwa imefungwa, nyingine inakaa nyumba tofauti, nazo hubadilishana kila wiki. Mara moja kila mwezi, jaribuni kufungua nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haijulikani kama ni nakala au ni flashi tupu.

Lugha, na alama moja ndogo

Ubao wetu utaandikwa Kiswahili, Dholuo, Kikuria na Kiingereza, mara nyingi katika ujumbe mmoja. Karibu kila programu ya leo inazimudu herufi hizo. Shida huja kwenye kutafuta. Ritifaa ya ng' ina sura mbili: iliyonyooka ambayo huandikwa na kompyuta nyingi, na iliyopinda ambayo baadhi ya simu huiweka zenyewe. Kwa macho yetu ni alama moja, kwa programu ni mbili. Aliyetafuta "ng'ombe" kwa simu huenda asione tangazo la chanjo lililoandikwa kwa kompyuta, akadhani halipo. Kabla ya kuchagua, jaribuni neno hilo kwa simu tatu tofauti. Kama halipatikani, kubalianeni kwamba kila kichwa cha tangazo kiwe na neno jingine lisilo na ritifaa, kama "mifugo". Jueni pia kwamba utafutaji wa phpBB, usipobadilishwa mipangilio, huruka maneno yenye herufi chini ya tatu.

Wanachama wenye simu za kabambe msiwasahau. Katibu achapishe matangazo mapya mara moja kwa wiki na kuyabandika kwenye ubao wa mbao ulio jirani. Kwa hiyo angalieni pia kama programu ina ukurasa wa kuchapisha usiokula wino kwa rangi na picha; phpBB inao.

Yasiyofaa kubandikwa

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahusu pia kompyuta ya katibu. Orodha ya waliopata basari ikiwekwa ubaoni pamoja na nambari za vitambulisho na za simu, mmempa tapeli kila anachohitaji ili ampigie mzazi akijifanya afisa. Jina na shule hutosha, na pengine nambari ya fomu hutosha zaidi. Wakati wa usajili, ombeni kile tu kitakachotumika.

Habari za uongo nazo ziliwekewa adhabu katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018. Kwa hiyo tangazo lolote linalodaiwa kutoka serikalini libandikwe na mtu mmoja au wawili waliopewa ruhusa hiyo katika programu, nao waandike lilitoka ofisi gani na tarehe gani. Asiye na ruhusa auliza, ajibu, lakini asitangaze.

Kwenye waifai ya karibu, nywila mara nyingi husafiri bila kufichwa, na mwenye ujuzi aliye karibu anaweza kuzisoma. Waambieni wanachama siku ya kwanza, kwa lugha wanayoielewa vizuri: nywila ya ubao isiwe PIN ya M-Pesa.

Mwisho ni suala la msimamizi mkuu. Katika vikundi vingi ni kijana mmoja anayejua kompyuta, naye siku moja hupata kazi Mombasa akaondoka na nywila kichwani. Andikeni nywila hiyo kwenye karatasi, itiwe katika bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ihifadhiwe pamoja na muhuri na vitabu vya hesabu. Viongozi wapya wakichaguliwa, bahasha ikabidhiwe mbele ya wanachama, ifunguliwe, nywila ijaribiwe kwenye kompyuta papo hapo, ibadilishwe, na bahasha mpya ifungwe kabla kikao hakijavunjwa.